Jarida Lisilokuwa na Msomaji

Mwaka ule wa foleni za unga, fedha za kigeni zilikauka nchini, na chuo chetu kule Luanshya kikaamriwa kuacha kulipia nusu ya majarida yake ya kisayansi. Mimi Bupe nilikuwa kwenye kaunta ya majarida ya maktaba, ghorofani. Mkuu wangu alikuwa Mutinta Hamoonga, Mtonga kutoka Monze, mwanamke mrefu asiyependa mambo yaliyopindapinda.

Makamu Mkuu wa Chuo aliwaandikia maprofesa wote akiwauliza majarida yapi wanayatumia na yapi yanaweza kuachwa. Majibu yalikuja upesi, na yote yalifanana: yangu yabaki, ya wenzangu yapunguzwe. Bwana Kapembwa, mkutubi mkuu, alituita ofisini kwake akiwa ameshika kichwa.

"Sasa nifanyeje na hawa?"

"Ukimwuliza mtu anakula nini kwake, atakwambia nyama," Mutinta akasema. "Tusiwaulize. Tuangalie sahani."

"Sahani gani tena?"

Mutinta akaeleza. Kwa muhula mmoja, msomaji yeyote akishachukua jarida rafuni na kulisoma, asilirudishe. Aliache pale pale mezani. Sisi ndio tutakaopita asubuhi na jioni, tuyaokote, tutie alama kwenye kadi ya kila jarida, ndipo tuyarudishe. Mwisho wa muhula kadi zenyewe zitasema jarida lipi linashikwa na lipi linalala. Alikuwa amejifunza njia hiyo alipokuwa akisomea ukutubi, na alikuwa akiisubiri nafasi ya kuijaribu.

Kapembwa akafurahi, maana njia hiyo ilimwondolea lawama. Tukabandika matangazo kwenye nguzo zote: USIRUDISHE JARIDA RAFUNI. LIACHE MEZANI. Mutinta alikwenda hadi kwenye kikao cha wakuu wa vitivo akawaeleza yeye mwenyewe. Profesa Akapelwa Sitali wa kitivo cha madini akainua mkono. Huyu alikuwa Mlozi wa Mongu, sauti nzito, mtu ambaye hata Makamu Mkuu alimpisha mlangoni. Walozi na Watonga ni watani wa jadi, kwa hiyo ukumbi mzima ulijua kuna kitu kinakuja.

"Nyinyi Watonga kwa kuhesabu hamjambo," akasema. "Lakini mmezoea ng'ombe. Haya ni majarida, mama, hayana mikia. Utayashika wapi?"

"Tumezoea kuhesabu kwa sababu ya majirani zetu Walozi, Profesa," Mutinta akajibu. "Tusipohesabu jioni, asubuhi zizi ni jeupe."

Watu walicheka mpaka kikao kikaahirishwa kwa chai. Mutinta alirudi maktabani akitembea kama bibi harusi.

Basi tukahesabu. Wiki za mwanzo meza zilikuwa na majarida machache machache, jambo la kawaida. Kisha mambo yakachangamka. Meza za upande wa madirisha zikawa zinafurika. Majarida ya madini, ya uyeyushaji wa shaba, ya mitambo ya kupasulia miamba, yalirundikana hadi kiunoni. Nilikuwa narudi nyumbani mikono inauma kwa kubeba. Kapembwa alipita akatazama kadi zilivyojaa, akasugua viganja.

"Mnaona? Watu wa madini wanasoma. Sikujua kama wanasoma hivi."

Majarida ya kilimo yalipata alama za wastani. Kulikuwa pia na jarida moja la utabibu, la magonjwa ya damu ya watoto, lililobaki toka enzi ambazo chuo kilikuwa na shule ya wauguzi. Shule ilihamishiwa Ndola, lakini jarida liliendelea kuja kwa posta, na sisi tuliendelea kulipanga kwenye rafu ya nyuma karibu na choo. Kadi yake ilikuwa nyeupe pe. Hakuna alama hata moja. Mutinta aliiweka juu kabisa ya fungu la majarida ya kuachwa.

"Hili halina mjadala," akasema. "Hata wenyewe walishahama."

Jambo lililovuruga kila kitu nililigundua mimi, na kwa uvivu wangu tu. Adhuhuri moja nilikuwa nimechoka, nikakaa kwenye kiti cha msomaji nikavuta jarida la juu kwenye rundo ili nitazame picha. Lilikuwa jarida la Kifaransa la migodi, kutoka Ubelgiji. Kadi yake ilikuwa imejaa alama pande zote mbili. Nikajaribu kulifungua katikati, likakataa. Majarida ya wale watu yalikuwa yanakuja na kurasa zimeungana ukingoni kama yalivyotoka kiwandani, ni mpaka msomaji achukue kisu azipasue. Na kurasa za jarida lile hazikuwahi kupasuliwa.

"Dada Mutinta!" nikaita. "Hebu njoo unioneshe, hili wanalisomaje? Kwa kulinusa?"

Mutinta akaja akicheka. Akalichukua, akajaribu kuingiza kidole kati ya kurasa. Kicheko kikakatika. Akachukua la pili, la tatu. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Bupe," akasema, "tumekuwa tukihesabu mabega ya wabebaji, si macho ya wasomaji."

Kesho yake tulifika mapema tukajibanza nyuma ya makabati ya magazeti. Milango ilipofunguliwa tu, wakaingia wanafunzi wa madini kundi zima. Kila mmoja alikumbatia majarida rafuni kama mtu anayeokoa nguo mvua inaponyesha, akayabwaga mezani, akatoka. Hakuna aliyekaa. Mutinta akamzuia wa mwisho mlangoni, kijana mwenye ndevu za kwanza.

"Mwanangu, mnafanya nini?"

"Tunatumia maktaba, mama."

"Mbona hamsomi?"

Kijana akakuna shingo. "Profesa alisema tusipoyatembeza majarida yetu yatafukuzwa. Sasa tunayatembeza."

Nilitaka kucheka, ila niliona uso wa Mutinta nikameza. Alisimama mbele ya wakuu wote wa vitivo akawahakikishia kwamba njia yake haidanganyiki, kumbe ilikuwa imedanganyika tangu zile meza zilipoanza kufurika, na mwenye kuidanganya ni Profesa Sitali aliyecheka naye mbele ya watu. Tukaenda kwa Kapembwa. Alisikiliza, akasimama, akafunga dirisha kana kwamba watu wa madini wangetusikia.

"Mutinta, dada yangu. Ripoti inatakiwa kabla ya muhula kwisha. Kadi zimeshajaa. Sitali si mtu wa kugombana naye. Kwani kuna ubaya gani? Tupeleke hivyo hivyo."

"Siwezi."

"Hutaki au huwezi?"

"Bwana Kapembwa, nikipeleka hesabu hii, tutayaacha majarida ambayo watu wanayasoma ili tulipie ambayo watu wanayabeba. Nipe wiki zilizobaki. Nikishindwa, nitasimama mimi niseme nimeshindwa."

Kapembwa alimtazama, akashusha pumzi. "Utasimama wewe. Mimi nitakuwa nimeketi."

Wiki ile Mutinta hakula vizuri. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akiiona ile siku ya kikao hata akiwa anaoga: amesimama pale mbele, kadi mikononi, na watu wakicheka, safari hii wakimcheka yeye. Lakini hakukaa bure. Alianza kusoma kurasa za mwisho za tasnifu za wanafunzi na makala za walimu, pale wanapotaja maandishi waliyoyategemea, aone ni majarida gani yanatajwa kwa kweli. Akaniweka mlangoni nikiwauliza wanaotoka swali moja tu, fupi: umesoma nini leo? Lakini tasnifu ni za wachache, na aliyeulizwa mlangoni anaweza kukudanganya kama alivyodanganya kwenye barua. Alitaka kitu ambacho hakijui kusema uongo.

"Tunataka kujua limefunguliwa, si limeguswa," akawa anasema peke yake. "Limefunguliwa..."

Ndipo akapata wazo la kugandisha kurasa. Tone dogo la gundi kati ya kurasa mbili za katikati, dogo kiasi kwamba msomaji akifungua linaachia bila kuchana wala yeye kulitambua. Ukikuta limeachia, jarida limefunguliwa. Likiwa bado limeshika, hakuna aliyelifungua, hata kama limezungushwa maktaba nzima. Gundi madukani haikuwepo, tukapika ya unga. Mama yangu aliposikia alinigombeza: watu wanalala foleni kutafuta unga wa nshima, ugali wao, sisi tunavipikia vitabu! Na kwa kweli mende walikubaliana naye. Siku mbili tu walikuwa wameitafuna gundi yote.

Tuliokolewa na binamu yangu wa posta. Karatasi za stempu zina kingo nyeupe zenye gundi ambazo karani huzichana na kuzitupa. Alitukusanyia mfuko mzima. Tukakata vipande vidogo kama kucha ya mtoto, tukavibandika ndani ya matoleo ya mwaka ule ya kila jarida, katikati, nusu huku nusu kule. Kila Jumatatu tulikagua na kubandika upya. Matangazo kwenye nguzo tuliyaacha vile vile, na wanafunzi wa madini waliendelea kutembeza majarida yao kwa bidii.

Ukaguzi wa kwanza ulinifanya nikae chini sakafuni nicheke. Marundo yale yote ya dirishani, vipande vimeshika vizuri, safi, havijaguswa. Si yote, niseme haki. Kulikuwa na majarida kama manne matano ya madini ambayo vipande vyake vilikatika kila wiki, na ndiyo hayo hayo yaliyokuwa yakitajwa kwenye tasnifu. Watu wa madini walikuwa wanasoma kweli, ila si kama mikono yao ilivyodai. Uso wa Mutinta ukaanza kurudiwa na rangi.

"Njia ipo," akasema. "Bupe, njia ipo!"

Tukafika rafu ya nyuma, karibu na choo. Akachukua lile jarida la magonjwa ya damu ya watoto, lenye kadi nyeupe. Kipande kimekatika. Akachukua toleo lililotangulia: kimekatika. Matoleo ya mwaka mzima, yote yamefunguliwa, lakini kila moja liko mahali pake, limenyooka, mgongo umelingana na mwenzake.

"Mende," akasema Kapembwa tulipomwambia.

"Mende hawarudishi jarida rafuni, bwana."

Wiki iliyofuata ikawa vile vile, na nyingine tena. Kuna mtu alikuwa akilisoma jarida lile na kulirudisha mwenyewe, licha ya matangazo yote. Mutinta alihitaji kuwa na uhakika kabla ya kuisimamia njia yake mbele ya watu, asije akaumbuka mara ya pili. Akaamua kukaa. Alichagua saa ya chakula cha mchana, watu wanapokwenda kwenye nshima zao na maktaba inabaki na inzi. Akavuta kiti nyuma ya rafu ya magazeti ya zamani. Siku ya kwanza, hakuna mtu. Ya pili, alimwona Profesa Akapelwa Sitali.

Alikuja taratibu, mtu mkubwa vile akikanyaga kama anaogopa kuamsha mtoto. Akachukua jarida, hakukaa. Alisoma amesimama, kidole kikifuata mistari, midomo ikitikisika. Alipomaliza alilirudisha, akasawazisha migongo ya majarida kwa kiganja, akageuka. Macho yao yakakutana.

"Mtonga," akasema, akijilazimisha kucheka, "unanivizia? Mimi si ng'ombe wako."

"Ungekuwa ng'ombe wangu, Mlozi, ningekuwa nimeshakupiga chapa."

Lakini utani haukushika. Profesa alisimama, mikono imening'inia.

"Umeona nilichokuwa nasoma."

"Nimeona jarida," Mutinta akasema. "Sikuona mtu."

Hapo yule mtu mkubwa akaketi kwenye ngazi ndogo ya kufikia rafu za juu. Yaliyofuata Mutinta alinisimulia baadaye, kwa ruhusa ya mwenyewe. Profesa alikuwa na binti wa miaka mitano, Nalishebo. Mtoto alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa ugonjwa huo huo kabla hawajajua unaitwaje. Ukweni walisema ukoo wa baba una kitu, na nyumbani kwake mwenyewe walisema ni ukoo wa mama, na mke na mume wakaacha kulizungumza kabisa. Daktari wa Ndola, mwenye wagonjwa hadi kwenye korido, alimwambia: wewe ni msomi, nenda kasome. Akaja maktabani, akaona lile jarida.

"Kuna watafiti wanajaribu dawa," akasema. "Dawa ndogo tu, mtoto anapewa kila siku, kuzuia zile homa zinazowaua. Wamesema majibu yatatoka karibuni. Kila toleo likija nakuja kuangalia kama ni hilo. Daktari yuko tayari kumwanzishia, lakini anataka aone majibu kwanza."

Mutinta aliniambia hakuwahi kuona maneno yakiwa mazito kama yale aliyokuwa nayo mdomoni.

"Profesa, jarida hilo liko kwenye fungu la kuachwa. Ndilo la kwanza."

"La kwanza? Nani kaliweka huko?"

"Sisi. Kwa sababu kadi yake ni nyeupe, na kadi za madini zimejaa. Wanafunzi wako wanabeba yale, na wewe hili unalirudisha rafuni ili mtu asijue."

Profesa alimtazama kama hajamwelewa. Kisha akaelewa. Akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika, na Mutinta hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoitoa mikono. Alikuwa anafanya yote mawili.

"Mungu wangu," akasema. "Nimejiibia mwenyewe zizi."

Asubuhi iliyofuata hakuna mwanafunzi aliyebeba jarida. Meza za dirishani zilibaki wazi, zikipigwa na jua. Lakini Profesa naye hakuonekana. Tukasikia kutoka ofisi ya madini kwamba mtoto wake ameshikwa na maumivu na homa kali usiku, wamekimbizwa Ndola. Siku zikapita, hakuna habari. Mutinta alikuwa anaandika ripoti na kila mlango ukilia anainua kichwa. Alisema hakujua kama anaogopea kikao au anamwogopea mtoto ambaye hajawahi kumwona.

Katikati ya hofu hiyo likatokea jambo tusilolitazamia. Jumatatu tulifanya ukaguzi wa mwisho. Jarida la magonjwa ya damu ya watoto, vipande vimekatika tena, kwenye matoleo matatu.

"Karudi?" nikauliza.

"Hajarudi. Mke wake bado yuko hospitali na yeye pia." Mutinta alilishika lile jarida, akalizungusha. "Bupe, kuna mwingine."

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Kiti cha Profesa Sitali kilikuwa kitupu. Bi. Kalumba, katibu wa msajili, alikuwa pembeni na kalamu yake, akiandika kila kinachosemwa kama kawaida. Kapembwa aliketi, kama alivyoahidi. Mutinta akasimama, na mimi nilikuwa nyuma yake na kadi, nikiona kisogo chake kinavyotoka jasho.

Hakuzunguka. Alisema hesabu ya kwanza ilivurugika, na kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake, maana alihesabu majarida yaliyo mezani akidhani yamesomwa. Hakusema nani alivuruga. Akaeleza vipande vya stempu, na tasnifu, na swali la mlangoni, na jinsi njia hizo tatu zilivyokubaliana mahali pengi. Akaonesha majarida yapi yanaweza kuachwa bila mtu kuumia. Mengi yalikuwa ya madini, mengine ya kilimo, mengine ya kwetu sisi wakutubi wenyewe. Watu walisikiliza. Hakuna aliyecheka.

Kisha mkuu wa kitivo cha kilimo akainua miwani. "Naona hapa mnataka tuendelee kulipia jarida la magonjwa ya watoto. Chuo hiki hakina daktari hata mmoja. Nani analisoma?"

"Linasomwa, bwana. Kila wiki."

"Na nani? Tutajie."

"Hilo sitalisema."

Minong'ono ikaanza. Makamu Mkuu akagonga meza kwa kalamu. "Bi. Hamoonga, unatuomba tulipie kitu kwa kumwamini msomaji asiye na jina?"

"Ndiyo, bwana. Mtu akija maktabani kusoma, anachosoma ni chake. Nikianza kuwataja, kesho hawatakuja."

"Basi, kwa heshima zote, itakuwa vigumu..."

Mlango ukafunguliwa. Profesa Sitali aliingia na suti iliyokunjamana kama imelaliwa, na ndevu za siku kadhaa. Mutinta alimwangalia usoni kabla ya kitu kingine chochote. Aliniambia hakuhitaji kuuliza. Macho yale yalikuwa yamechoka, lakini yalikuwa ya mtu aliyetoka kula na mtoto wake.

"Samahani kwa kuchelewa," akasema. "Nimesikia swali nikiwa mlangoni. Msomaji ni mimi."

Akasema kila kitu, wima, kwa sauti ile ile nzito: binti yake, ugonjwa, mtoto wa kwanza. Akasema pia kwamba yeye ndiye aliyewatuma wanafunzi kubeba majarida, na kwamba Bi. Hamoonga alijua na hakumtaja. "Binti yangu ametoka hatarini jana," akamaliza. "Amekula uji bakuli zima, akaomba lingine. Punguzeni ya madini. Hesabu yake ni ya kweli. Ile ya kwanza ilikuwa yangu."

Ndipo nikasikia kalamu ikiwekwa mezani. Bi. Kalumba, ambaye miaka yote hatukuwahi kumsikia akisema neno kikaoni, alikuwa amesimama.

"Si yeye peke yake," akasema. "Mimi pia. Mwanangu Mwila. Nakuja saa za mchana, kumbe ni siku asizokuja yeye. Nilidhani... nilidhani ni mimi tu hapa chuoni."

Profesa akamgeukia. Watu hao wawili walikuwa wamefanya kazi jengo moja kwa miaka, wakisalimiana tu ngazini.

"Mwila ana umri gani, mama?" akamwuliza.

"Tisa."

"Tisa!" Akalirudia neno lile kama zawadi. "Ana miaka tisa, na anaendaje?"

"Anacheza mpira, Profesa. Hata nikimgombeza."

Makamu Mkuu alivua miwani akaisafisha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akauliza kama kuna anayepinga ripoti. Hakukuwa na mtu. Mkuu wa kilimo ndiye aliyeunga mkono kwanza.

Tulipotoka, Kapembwa alitembea mbele yetu akimwambia kila aliyekutana naye kwamba njia ya stempu ilibuniwa ofisini kwake. Mutinta hakumsikia hata. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akavua viatu, akalala mchana kweupe hadi asubuhi ya pili. Dada yake aliogopa akaja kuniita, akidhani ni malaria. Nikamwambia amwache, huyo anarudishiwa usingizi wa wiki zote.

Majarida yaliachwa nusu, kama ilivyoamriwa, na hakuna mwalimu aliyekuja kulalamika kwamba amekosa alichokuwa akikisoma kweli. Toleo tulilokuwa tukilisubiri lilifika mwanzoni mwa mvua, bahasha imelowa pembeni. Mutinta hakulipeleka rafuni. Alimpigia simu Profesa, nami nikapanda kwa msajili kumwita Bi. Kalumba. Walikaa meza ya dirishani, bega kwa bega, na Profesa akasoma kwa sauti huku akitafsiri maneno magumu. Watoto waliopewa ile dawa ya kila siku walikuwa wamenusurika na homa zile zaidi ya wenzao, kwa tofauti kubwa kiasi kwamba watafiti waliusimamisha utafiti mapema ili wote wapewe.

"Soma tena hapo," Bi. Kalumba akasema.

Akasoma tena. Mutinta akaondoa jarida taratibu mikononi mwao, akaenda kunakili kurasa zile kwenye mashine, nakala mbili, na akampa kila mmoja yake ampelekee daktari. Profesa aliikunja, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akaomba maji. Alikunywa glasi nzima kwa mkupuo mmoja, akaomba ya pili. Nje mvua ilikuwa imekolea, na Bi. Kalumba akamwuliza kama gari lake liko karibu, wangeweza kuondoka pamoja, daktari wa Ndola huwa hatoki kabla ya saa kumi.

"Twende," Profesa akasema, tayari ameshasimama. "Twende sasa hivi, mama."